Ngome ya Wartburg na Mji wa Eisenach

Masomo ya kusomwa kwanza: Zaburi 46, Mathayo 5:14–16.

Miji mingi hujulikana kwa jengo moja. Mtu akiiona picha ya jengo hilo, hana haja ya kuuliza jina la mji. Ndivyo watu wa pwani waijuavyo Mombasa kwa Ngome ya Yesu, na ndivyo Wajerumani waujuavyo mji wa Eisenach, ulio katika nchi ya Thüringen. Mji huo si mkubwa, wenyeji wake ni yapata elfu arobaini. Lakini juu yake, mlimani, imesimama ngome ya kale iitwayo Wartburg. Msafiri aujiaye mji huiona ngome kwanza, na aondokapo huitazama mwisho.

Sisi Walutheri twalijua jina la ngome hiyo, kwa kuwa humo Dr. Martin Luther alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Wengi wetu hatujui zaidi ya hayo. Katika somo hili twataka kuizunguka ngome yote na kuingia vyumba vyake, hata kile tusichopenda kukionyesha kwa wageni. Maana jengo lililo alama ya mji hushuhudia yote yaliyotendwa ndani yake, mema na mabaya pia.

1. Mahali pake na jinsi ilivyojengwa

Mlima wa Wartburg una kimo cha mita 410 hivi juu ya bahari. Mgongo wake ni mrefu na mwembamba, na miamba yake imechongoka pande zote. Wazee husimulia ya kuwa mwaka 1067 Ludwig, aitwaye Mrukaji, alikuwa akiwinda huko, akautamani mlima. Lakini haukuwa mali yake. Basi akaagiza udongo wa shamba lake upelekwe juu usiku, ukamwagwe pale. Kisha askari wake kumi na wawili wakachoma panga zao katika udongo ule, wakaapa ya kuwa bwana wao amesimama katika ardhi yake mwenyewe. Hayo ni masimulizi tu. Jambo lililoandikwa katika habari za kale ni hili, ya kuwa mwaka 1080 ngome ilikuwa imekwisha kuwako, na watu wake walipigana vita.

Mgeni huingia upande wa kaskazini, kwa daraja na lango moja tu. Ndani huona ua wa kwanza, wenye nyumba za kiunzi cha miti, ambacho nafasi zake zimejazwa udongo na mawe. Mtu wa kwetu azionapo hukumbuka nyumba za miti na udongo za vijijini. Akiendelea huingia ua wa pili. Hapo liko jumba la mtawala, la mawe matupu, lenye ghorofa tatu na safu za matao juu ya nguzo nyembamba. Jumba hilo lilianza kujengwa yapata mwaka 1157, na wajuzi wa majengo hulihesabu kuwa mojawapo la majumba ya kitawala ya zamani zile yaliyohifadhika vizuri kabisa. Katika ua huo liko pia birika kubwa la maji ya mvua, na mwisho wake, upande wa kusini, uko mnara mnene wa mawe. Msomaji na aukumbuke mnara huo, maana tutaurudia.

2. Mkate uliotoka ngomeni

Mwaka 1211 mtoto wa miaka minne aliletwa Thüringen kutoka nchi ya Hungaria. Jina lake Elisabeth, binti wa mfalme Andreas wa Pili. Alikuwa ameposwa na nyumba ya mtawala wa Thüringen, akalelewa huko. Hata mwaka 1221 akaolewa na mtawala kijana, Ludwig wa Nne, katika kanisa la Mtakatifu Georg mjini Eisenach.

Mwaka 1226 ikaja njaa kubwa. Mumewe alikuwa mbali, katika safari ya Kaisari huko Italia. Elisabeth akazifungua ghala za ngome, akawagawia watu nafaka. Lakini aliona ya kuwa wagonjwa na vilema hawawezi kuupanda mlima. Basi akajenga nyumba ya wagonjwa chini ya ngome, naye mwenyewe akawa akishuka kwa miguu kuwahudumia, akiwaosha na kuwalisha kwa mikono yake. Watu wa jumbani walinung'unika, wakisema ya kuwa anatapanya mali ya mtawala.

Mwaka 1227 Ludwig alikufa safarini, alipokuwa akienda vita vya msalaba. Mjane huyo wa miaka ishirini akaondoka Wartburg pamoja na watoto wake. Baadaye alikaa Marburg, akajenga hospitali, akawatumikia wagonjwa hata alipokufa mwaka 1231, umri wake miaka ishirini na minne. Imani yetu haitufundishi kuwaomba watakatifu waliokufa, lakini yatufundisha kuwakumbuka na kufuata mfano wa imani yao na matendo yao. Elisabeth aliishi katika nyumba iliyojengwa ili watu wasiingie. Yeye aliufungua mlango wake, akashuka.

3. Kitabu kilichotoka ngomeni

Martin Luther aliujua mlima huu tangu ujana. Tangu mwaka 1498 hata 1501 alisoma shule mjini Eisenach, kwa kuwa mama yake alikuwa na ndugu huko. Kama wanafunzi wengine wa siku zile, aliimba milangoni mwa watu ili apewe mkate. Kila siku aliiona ngome ya mabwana juu yake, wala hakujua ya kuwa atakuja kukaa humo.

Mwaka 1521, mwezi wa Aprili, alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano katika mji wa Worms, akakataa kuyakana aliyoyaandika. Alipokuwa akirudi alipita Eisenach, akahubiri. Siku ya tarehe 4 Mei, katika msitu karibu na ngome ya Altenstein, wapanda farasi waliizuia gari yake, wakamkamata na kumchukua. Watu wengi walidhani ya kuwa ameuawa. Kumbe lilikuwa shauri la mtawala wake, Friedrich wa Sachsen, aitwaye Mwenye Hekima, ili kumficha. Kwa maana Kaisari alikuwa tayari kumtoa katika ulinzi wa sheria. Usiku ule akafikishwa Wartburg.

Akakaa huko yapata miezi kumi. Akaziacha nguo za utawa, akafuga ndevu, akavaa upanga, akaitwa Bwana Jörg. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye kuta za mbao, katika nyumba ya msimamizi wa ngome. Aliugua tumbo, usingizi ulimpotea, na upweke ulimlemea. Katika barua zake alipafananisha mahali pale na Patmo, kisiwa cha Mtume Yohana.

Mwezi wa Desemba alikwenda kwa siri Wittenberg kuwaona rafiki zake, nao wakamsihi alifasiri Agano Jipya. Aliporudi chumbani mwake akaanza kazi, akaimaliza katika muda wa majuma kumi na moja hivi. Biblia za Kijerumani zilikuwako tangu zamani, ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1466. Lakini hizo zilifasiriwa kutoka Kilatini, na maneno yake yalikuwa mazito kwa msomaji. Luther alikitumia kitabu cha Kiyunani alichokitengeneza Erasmus, akatafuta maneno yanayosemwa kweli na watu. Baadaye alieleza mwenyewe ya kuwa mfasiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa sokoni, ajue jinsi wanavyosema.

Tarehe 1 Machi 1522 aliteremka mlimani na kurudi Wittenberg, ijapokuwa hatari haijapita, kwa sababu ushirika wa huko ulikuwa umeingiwa na ghasia. Huko aliyapitia maandiko yote tena pamoja na Philipp Melanchthon, aliyekijua Kiyunani vizuri. Walipofika sura ya 21 ya Ufunuo hawakuyajua vema majina ya vito vya thamani. Basi Luther akamwandikia rafiki yake Spalatin, aliyekuwa katika nyumba ya mtawala, amsaidie kupata majina na rangi za vito hivyo. Mwezi wa Septemba 1522 kitabu kikatoka, yapata nakala 3,000. Mwezi wa Desemba ikalazimu kukipiga chapa tena. Biblia nzima ikamalizika mwaka 1534.

Wageni wengi waendao Wartburg huuliza kwanza alama ya wino ukutani, kwa kuwa husimuliwa ya kuwa Luther alimtupia Shetani chupa ya wino. Habari hiyo haina ushahidi, na walinzi wa zamani waliipaka alama ile upya kila ilipofutika. Hata meza ya zamani wageni waliichonga vipande vipande, wakavichukua kwao kuwa kumbukumbu. Waalimu, tusiyafundishe masimulizi hayo kana kwamba ni historia. Urithi wa chumba kile ni kile Kitabu, nao haupungui watu wakiuchukua.

Urithi huo ulifika hata kwetu. Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg, alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, alitoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Na Biblia ya Muungano ilitoka mwaka 1952. Kila mfasiri aliyekaa na wazee wa kijiji, akawauliza neno lao ni lipi, ameifanya kazi ile ile ya Wartburg.

4. Mtu asiyetoka ngomeni

Sasa twaufikia mnara wa kusini. Chini yake kuna shimo la gereza. Halina mlango, njia yake ni tundu la sakafuni, ambalo mtu hushushwa kwa kamba.

Mwaka 1540, Luther alipokuwa angali hai, na nchi yote imekwisha kuufuata Utengenezo, mkulima mmoja jina lake Fritz Erbe alitiwa katika shimo hilo. Kwao ni kijiji cha Herda, karibu na Eisenach. Hakuiba wala hakuua. Alikuwa mmoja wa wale walioitwa Wanabaptisti, waliofundisha ya kuwa abatizwe mtu mzima tu anayekiri imani mwenyewe. Naye alikataa mtoto wake asibatizwe. Sheria ya Kaisari ya mwaka 1529 iliwahukumu watu hao kufa. Kijiji cha Herda kilikuwa chini ya watawala wawili. Mtawala wa Sachsen alitaka auawe. Philipp wa Hessen hakukubali kumwua mtu kwa ajili ya imani. Basi wakapatana afungwe maisha.

Kwanza alifungwa katika mnara wa ukuta wa mji. Lakini watu wa Eisenach walimwendea usiku kwa siri, wakazungumza naye chini ya mnara. Ndipo alipohamishwa Wartburg, mbali na masikio ya watu. Wachungaji walijaribu kumgeuza, asigeuke. Akafa humo mwaka 1548, baada ya vifungo vya miaka kumi na mitano hivi.

Wasomaji, tufikiri kidogo. Chumba cha Luther na shimo la Erbe ni katika ngome moja, na mtu hutoka hapa na kufika pale kwa hatua chache. Katika kile chumba mtu mmoja alifichwa ili asiuawe kwa ajili ya dhamiri yake. Katika shimo lile, hata miaka ishirini haijapita, mtu mwingine alizikwa hai kwa ajili ya dhamiri yake, na waliomtia humo walikuwa wakikisoma kitabu kilichofasiriwa ngomeni humo. Sisi twashika ubatizo wa watoto wachanga, tena twaufundisha kwa furaha. Lakini hatuwezi kusema ya kuwa shimo lile lililinda neno la Mungu.

Kwa karne nyingi habari hiyo ilisahauliwa na walio wengi. Hata mwaka 1925 likaonekana katika ukuta wa shimo jina la Erbe, lililochorwa katika mawe. Na mwaka 2010, mwezi wa Julai, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Stuttgart, wajumbe waliungama kosa la baba zetu juu ya Wanabaptisti, wakawaomba msamaha Wamenno, walio wazao wao wa kiroho. Makanisa ya Kilutheri ya Afrika ya Mashariki nayo yamo katika Fungamano hilo. Basi toba ile ni yetu pia.

5. Msalaba juu ya mnara

Baada ya siku hizo ngome ilizeeka, kuta zikabomoka. Lakini watu hawakuacha kuitazama. Tarehe 18 Oktoba 1817 wanafunzi 500 hivi wa vyuo vikuu walipanda mlimani kuadhimisha miaka mia tatu ya Utengenezo na kuomba umoja wa Ujerumani. Jioni, katika mlima ulio karibu, baadhi yao walitupa motoni karatasi zilizoandikwa majina ya vitabu walivyovichukia; nalo jambo hilo latia huzuni, kwa kuwa ni karibu na pale Kitabu kilipofasiriwa.

Tangu mwaka 1838 mtawala Carl Alexander alianza kuitengeneza ngome upya, pamoja na fundi mkuu Hugo von Ritgen, na kazi ikaendelea miaka mingi. Mchoraji Moritz von Schwind alichora ukutani matendo ya rehema ya Elisabeth. Mnara mkubwa wa katikati, uonekanao katika picha zote, ulijengwa siku hizo, katika miaka ya 1850, ukatiwa msalaba wa dhahabu kileleni. Kwa hiyo picha ile waijuayo watu, sehemu yake ni ya kale na sehemu yake ni ya karne ya kumi na tisa. Toka hapo jina la ngome likaenea kila mahali, hata magari yaliyotengenezwa Eisenach yaliitwa Wartburg, mpaka kiwanda hicho kilipoacha kuyaunda mwaka 1991.

Lakini alama ipendwayo na watu hutamaniwa na watawala pia. Mwaka 1938 wafuasi wa Hitler waliuondoa msalaba katika mnara, wakauweka msalaba wao wenye ncha zilizopindwa. Watu walinung'unika, na baadaye msalaba wa Kristo ukarudishwa. Kosa lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilitoka kanisani. Tarehe 6 Mei 1939, katika ngome hiyo hiyo, viongozi wa makanisa kadhaa ya Kiinjili walizindua taasisi ya kuondoa katika Ukristo kila jambo la Kiyahudi. Mwaka 1940 taasisi hiyo ilitoa kitabu kilichotungwa kutoka Agano Jipya, kikiwa kimekatwa habari za Wayahudi. Hivyo mahali ambapo Luther alitafuta kwa jasho neno lililo sahihi kwa kila neno la Mitume, warithi wake walibariki kazi ya kuyakata maneno ya Mitume. Wala hatuwezi kuficha ya kuwa Luther mwenyewe, mwaka 1543, aliandika maneno makali na maovu juu ya Wayahudi. Mwaka 2019 makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalisimamisha mjini Eisenach ukumbusho wa kuliungama kosa la taasisi ile.

Tangu mwaka 1999 Wartburg imehesabiwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

6. Tujifunze nini?

Kwanza, jengo halitakasiki kwa sababu ya mtu mmoja mtakatifu aliyekaa ndani yake. Kuta zile zile zilimficha Luther na kumfunga Erbe. Kadhalika kanisa letu la mawe, hata likiwa zuri na kengele yake ikisikika mbali, halitatuhesabia haki. Kila kizazi huamua kwa matendo yake jinsi jengo litakavyosimuliwa.

Pili, tuangalie nini kilichoipa ngome heshima. Kuta zake nene hazikuipa sifa kwa watu wa mbali. Mabwana wengi walikuwa na kuta nene. Sifa yake ilitokana na vitu viwili vilivyotoka nje, vikashuka kwa watu: mkate wa Elisabeth na kitabu cha Luther. Na aibu yake imetokana na kuzuia: mtu aliyefungiwa, na maneno yaliyokatwa. Ushirika nao uko hivyo. Tukijenga nyumba ya ibada, tuulize pia ni nini kitakachotoka humo na kuwafikia mjane, mgonjwa na mtu asiyejua kusoma.

Tatu, Bwana wetu alisema juu ya mji uliojengwa mlimani, jinsi usivyoweza kufichika. Twazoea kulifurahia neno hilo, kwa maana ni sifa kwetu. Lakini kisichofichika huonekana pande zote. Jina lililochorwa katika giza la shimo lilionekana baada ya karne karibu nne. Basi tusiogope kuwafundisha vijana wetu habari zote za kanisa, pamoja na makosa yake. Mtoto akizisikia kwanza kwa mwalimu wake, pamoja na toba, hatatikisika akizisikia baadaye kwa adui wa imani.

Nne, Luther aliimba ya kuwa Mungu ndiye ngome yetu, akifuata Zaburi ya 46. Wimbo huo hakuutunga Wartburg. Ulitoka miaka kadhaa baadaye. Aliyewahi kukaa ngomeni alijua ya kuwa mawe hayatoshi. Yeye hakusema ya kuwa sisi ni ngome, wala kwamba kanisa letu ni ngome. Ngome ni Mungu peke yake, na katika ngome hiyo hakuna shimo.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini Elisabeth alijenga nyumba ya wagonjwa chini ya mlima, asiijenge juu?
2. Luther alitafuta wapi maneno ya kufasiria? Katika lugha ya kwenu, yako maneno gani ya Biblia ambayo wasikilizaji hawayafahamu? Mwalimu ayaelezeje?
3. Fritz Erbe alifungwa kwa sababu gani? Tumpingeje mtu afundishaye tofauti nasi, tusimtendee hivyo?
4. Kwa nini watawala wa mwaka 1938 waliutaka mnara wa Wartburg? Ni alama gani za kanisa ambazo watu wa leo hutaka kuzitumia kwa ajili ya mambo yao wenyewe?
5. Watu wapitao karibu na kanisa lenu, hulisema kuwa ni nyumba ya nini?